Hamna Kilicho Hai Ndani ya Chombo Hiki

Nchi inayosimuliwa hapa haimo katika ramani yoyote, na atakayesema ameitambua atakuwa amejitia hatiani kwa mdomo wake mwenyewe. Inaitwa Tumefika. Zamani ilikuwa na jina jingine. Lakini mwaka wa kumi wa utawala wa Baba Mavuno, Mkuu wa Nchi, wataalamu walimletea taarifa kwamba safari ya maendeleo bado ni ndefu na njia ni mbovu. Baba Mavuno aliisoma taarifa hiyo kwa makini, akaona njia ya mkato ambayo wataalamu hawakuiona, akatangaza kwamba tumefika. Tangu siku ile hakuna raia aliyeruhusiwa kuendelea kusafiri.

Tumefika ni nchi ya utaratibu. Utaratibu wake mkubwa ni kwamba kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Daraja la mto Igoda, kwa mfano, lilikamilika likafungwa utepe mwekundu, likakaa miaka minane likimsubiri mgeni rasmi. Watu waliendelea kuvuka kwa miguu majini, chini ya daraja lao, na waliochukuliwa na maji walipata bahati ya kuliona kwa karibu hadi dakika ya mwisho. Wodi ya wazazi nayo ilikuwa na utepe mlangoni. Wanawake walijifungulia barazani, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuugusa utepe ule, jambo ambalo linaonyesha malezi mema ya wanawake wa Igoda.

Katika wilaya hiyo ya Igoda alikuwako afisa ugani aitwaye Lukelo. Wakulima walimwita bwana shamba, kama walivyowaita waliomtangulia. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mrefu, mpole, asiye na mke wala mtoto, na chuoni alisomea elimu ya udongo. Alijua kwamba konzi moja ya udongo mzuri ina viumbe wengi kuliko watu wa dunia, na kwamba bila viumbe hao mmea hukaa shambani kama mgeni aliyenyimwa chakula. Alijua hayo, na kazi yake kwa miaka kumi na miwili ilikuwa kuwagawia wakulima mbolea ya chumvichumvi iliyowaua viumbe hao. Serikali iliiita Chumvi ya Maendeleo. Mwaka wa kwanza mahindi yalipanda mpaka watu wakaimba. Mwaka wa tano udongo ulikuwa mweupe na mgumu, jembe likiugonga unalia. Lukelo aliandika ripoti tatu za kueleza sababu. Ripoti zilipokelewa, zikafungwa utepe, na zinasubiri kuzinduliwa.

Kama Igoda ilikuwa bado inakula, sababu yake ni chungu kimoja.

*

Chungu hicho kilikuwa cha mama yake Lukelo, Bi Nyamizi, mwanamke mfupi mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Kilikaa pembeni mwa jiko lake, mahali penye kivuli, kimefunikwa kwa kitambaa cha pamba. Ndani mlikuwa na maji mazito ya rangi ya chai, yenye harufu ya uchachu na utamu, kama togwa iliyokaa siku tatu. Bi Nyamizi alikirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, tangu enzi za msitu wa Igoda. Waliokianzisha walichota udongo mweusi chini ya majani yaliyooza, wakauchanganya na pumba za mpunga na maji ya muwa, wakauacha uumuke. Kila Ijumaa chungu kililishwa uji wa pumba. Kisipolishwa, kilikufa.

Lukelo alipotoka chuoni alimweleza mama yake kwamba mle ndani kuna bakteria na kuvu wa aina nyingi, wengine wanaozesha majani, wengine wanaleta chakula kwenye mizizi. Bi Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho, akasema anawafahamu, ni wajukuu zake. Kwa kuwa Lukelo hakumpa wajukuu wengine, jina likabaki hivyo. Ungefika pale asubuhi ya Ijumaa ungemkuta amejikunja juu ya chungu na sufuria ya uji, akisema kwa sauti ya chini, "Wajukuu wamelala njaa. Haya, kuleni."

Kila msimu wa kupanda, wanawake wa bonde zima walikuja kwake mmoja mmoja, kama watu wanavyokwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Kila mmoja alipewa upawa mmoja, akauzimua kwa ndoo ya maji na kunyunyizia samadi yake, na malipo yalikuwa konzi ya pumba. Udongo ulikuwa umeshachoka kiasi kwamba upawa mmoja uliuamsha kwa msimu mmoja tu, kisha ukalala tena. Basi mwaka uliofuata walirudi. Kwenda kuanza chungu kingine haikuwezekana, kwa sababu msitu wa Igoda ulikuwa umekatwa wote kujengea majukwaa ya sherehe za Siku ya Misitu.

Kwa hiyo chungu kilikuwa kimoja. Kila mtu bondeni alilijua hilo, isipokuwa serikali, na kutojua kwa serikali ndiko kulikokihifadhi.

*

Mwaka wa ishirini na mbili wa utawala wake, Baba Mavuno alikwenda ng'ambo kutibiwa jino, na katika chumba cha kusubiria akasoma jarida lenye habari za vijidudu rafiki wa udongo. Alirudi nyumbani akiwa na jino jipya na sera mpya. Akatangaza kwamba Chumvi ya Maendeleo ilikuwa njama ya maadui, kwamba yeye daima aliipinga kimoyomoyo, na kwamba sasa kila mkulima atapewa chupa ya vijidudu vya serikali. Lukelo alipoisikia hotuba hiyo redioni alifumba macho kwa furaha. Hebu mtu amwelewe. Miaka kumi na miwili alikuwa peke yake na ukweli wake, na leo ukweli huo unasomwa na Mkuu wa Nchi, hata kama umesomwa vibaya.

Chupa elfu sita ziliwasili Igoda mwezi wa pili, zikawekwa ghalani. Ghala lilikuwa la mabati. Barua iliyoambatana nazo ilisema zisifunguliwe wala kuhamishwa mpaka mgeni rasmi azizindue. Lukelo alijibu kwa heshima kwamba vijidudu ni viumbe hai, vinahitaji ubaridi na chakula, na msimu wa kupanda umekaribia. Akajibiwa kwamba wananchi pia ni viumbe hai na wamesubiri daraja miaka minane bila kulalamika. Mwezi wa nne ukapita, wa tano, wa sita. Ghala lilikuwa likichemka mchana kutwa. Siku moja Lukelo alifungua chupa moja kwa siri akainusa, ikawa inanuka kama soksi. Akajua vimekufa.

Mwezi wa tisa likaja agizo: mgeni rasmi ni Baba Mavuno mwenyewe, atafika baada ya siku nne, na atapenda kuviona vijidudu kwa hadubini vikiwa vinacheza. Asipoviona vikicheza, ilisema barua, afisa ugani ataeleza mahakamani kwa nini havichezi.

Ndipo Lukelo alipokwenda kwa mama yake.

Alimweleza mambo yote. Kwamba ataazima chungu kwa asubuhi moja tu, achote kijiko kimoja cha kuweka chini ya hadubini na lita chache za kujaza chupa za maonyesho. Kwamba jioni ileile chungu kitakuwa kimerudi jikoni. Kwamba huenda sasa serikali ikaelewa, na bonde zima likapata vyungu mia. Bi Nyamizi alikuwa anachambua mchele. Alichambua mpaka ungo ukaisha, kisha akauliza kama huyo mgeni anajua kuwa ni Ijumaa, siku yao ya kula. Lukelo akacheka, akasema atawalisha yeye mwenyewe.

"Mwanangu, moto unaombwa kwa jirani," Bi Nyamizi alisema. "Kaa lote hubebi."

Lakini alikuwa mwanawe wa pekee, na neno mahakama lilikuwa limeshatajwa. Akakifunika chungu kwa kitambaa kipya, akamsaidia kukipandisha kwenye gari.

*

Kiwanja cha sherehe kilikuwa kimepambwa. Mawe yote ya barabarani yalikuwa yamepakwa chokaa, na miti mitano iliyosalia wilayani nayo ilipakwa chokaa mpaka kiunoni. Aliyesimamia yote alikuwa Bwana Machibya, Mkuu wa Kikosi cha Utangulizi. Kikosi hicho ndicho hufika kabla ya Baba Mavuno kuhakikisha kwamba atakachokikuta si kile kilichokuwepo. Bwana Machibya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa safi, ananukia sabuni, na alisikiliza kila mtu kwa upole kabla ya kumkatalia.

Alikizunguka chungu mara mbili, mikono nyuma, akauliza ndani mna nini. Lukelo akaeleza kwa fahari ya mtu aliyeingoja siku hiyo maisha yake yote.

"Viko vingapi?" Bwana Machibya akauliza.

"Mabilioni, mheshimiwa. Havihesabiki."

"Mabilioni yasiyohesabika. Yamepekuliwa?"

Lukelo alidhani ni mzaha. Akasema vijidudu havina mifuko. Bwana Machibya hakutabasamu. Akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo, kwamba hakuna kiumbe hai kinachosogea hatua kumi karibu na Mkuu wa Nchi kabla hakijatambuliwa kwa jina, makazi na nia. Mbuzi wa zawadi hupimwa. Mabinti wa kumvisha shada la maua huchunguzwa kucha. Na hapa afisa ugani anataka kulipeleka mbele ya pua ya Baba Mavuno kundi la mabilioni ambalo halina kiongozi wala kitambulisho. Akamgeukia mpishi wa kikosi, akamwagiza alete jiko.

"Mheshimiwa, vikichemshwa vitakufa," Lukelo alisema.

"Vitatulia," Bwana Machibya alisahihisha. "Nia ni kuvitambulisha, bwana shamba. Mtu haui anachokizindua."

Lukelo aliomba. Alisema kwamba chungu ni cha mama yake, kwamba hakuna kingine bondeni, kwamba wachote kijiko kimoja wakichemshe hicho na chungu wakiache. Kwa haki ya Mungu alisema yote hayo, na aliyasema vizuri. Bwana Machibya aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Kisha akatoa mfukoni kitabu cha fomu na kalamu. Ilikuwa Fomu Namba Tisa, nayo ilikuwa fupi: *Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba hamna kilicho hai ndani ya chombo hiki.* Akaeleza kwamba afisa mwenye chombo akishatia sahihi, kikosi hukihakikisha. Asipotia sahihi, chombo huhesabiwa kuwa ni silaha na mwenye chombo huhesabiwa kuwa ni adui. Na akauliza, kwa sauti ileile ya upole, kama mwenye chombo ni Lukelo au ni huyo mama.

Lukelo akatia sahihi.

Kwa hiyo siku ile, kwa muda wa robo saa tangu wino ulipokauka mpaka maji yalipotokota, hati ya serikali ya Tumefika ilikuwa ya uongo. Kikosi kilifanya bidii kuirudisha kwenye ukweli. Povu lilipanda, likamwagikia motoni, na harufu ya kijiji cha utoto wa Lukelo ikajaa uwanja mzima. Watu wa bondeni waliokuwa wamepangwa kwenye mistari wakaigeukia. Mama Tabu, jirani wa Bi Nyamizi, alikuwa ameshika bendera ndogo ya karatasi, na aliishika hivyohivyo mpaka jioni.

*

Baba Mavuno alifika saa tisa badala ya saa tatu. Akakata utepe shingoni mwa chungu, akainama kwenye hadubini kwa jicho moja. Lukelo alisimama nyuma yake akisubiri mahakama. Chini ya kioo hakukuwa na kitu kinachotikisika. Lakini Baba Mavuno alikuwa na kope ndefu, na alikuwa ameibana hadubini hasa.

"Naviona," akasema. "Vyeusi, vyembamba. Vinapanda na kushuka. Vinafanya kazi."

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Mawaziri walipanga foleni, nao wakaviona. Mke wa mkuu wa mkoa aliviona vikiwa na wanja. Mwishoni Lukelo naye aliitwa atazame. Akatazama, akayaona maji matupu yaliyotulia, na katikati yake vipande vya vitu ambavyo asubuhi vilikuwa wajukuu wa mama yake. Akasema ameviona.

Hotuba ilichukua saa mbili. Baba Mavuno alisema kwamba maadui wa nchi hii wamezoea kusema hawaoni maendeleo. Leo anawajibu hadharani: maendeleo makubwa kuliko yote ni yale yasiyoonekana! Zikatungwa nyimbo papo hapo. Kisha maji ya chungu yakazimuliwa katika matangi manne, yakatiwa kwenye chupa zenye picha ya Baba Mavuno, na kila mkulima akaapishwa kwamba msimu huo hatatumia kitu kingine shambani. Chumvi ilikuwa imeshapigwa marufuku. Samadi nayo ikapigwa marufuku, kwa kuwa haijazinduliwa.

Lukelo alikirudisha chungu jioni kama alivyoahidi. Kilikuwa na ufa kutokana na moto, na kipande cha utepe shingoni. Bi Nyamizi alikuwa amekaa mlangoni na sufuria ya uji imeshapoa. Akafunua kitambaa, akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Humu hamna mtu," alisema.

Akamgeukia Lukelo.

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, mama."

"Ukasema nini?"

Alitaka kumwambia maneno yote mazuri aliyoyasema mbele ya Bwana Machibya. Yote yalikuwa kweli, na hata moja halikumjia mdomoni. "Nilitia sahihi," alisema.

Bi Nyamizi akaumwaga uji kwa kuku. Hakumtukana, wala hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa, na laiti angemtukana. Lukelo angelipata mahali pa kujitetea.

*

Mbegu ziliota urefu wa kidole, zikakaa siku chache zikitazama huku na huku, zikawa njano, zikalala. Hapakuwa na kosa la mvua. Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, ikapita juu ya udongo ule mgumu kama inayopita juu ya sahani.

Lukelo aliandika ripoti ya kweli. Akaitwa mkoani, akaonyeshwa kwa upendo jinsi ya kuiandika upya. Kama vijidudu visivyoonekana ndivyo vilivyolima, aliambiwa, mtaalamu mzima anashangaaje mavuno nayo yasipoonekana? Ripoti mpya ikasema kwamba Igoda imepata mavuno yasiyoonekana kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Wilaya ikapewa kombe. Na kwa kuwa wilaya yenye kombe haiwezi kupewa chakula cha msaada, malori yaliyokuwa njiani yakageuzwa.

Watu walikula mbegu za mwaka ujao. Wakala mizizi, wakala ngozi za viti. Neno njaa halimo katika kamusi ya serikali ya Tumefika. Hali hiyo huitwa subira. Watu walipoanza kufa kwa subira, zahanati ilipokea orodha ya sababu za vifo zinazokubalika, nazo zilikuwa mbili, ajali na uzee. Ajali ilihitaji ripoti ya polisi, na kituo cha polisi kilikuwa bado kina utepe. Hivyo wote wakaandikwa uzee. Mtoto wa mwisho wa Mama Tabu alikufa kwa uzee akiwa na miaka miwili.

Bi Nyamizi alikufa mchana wa Jumatano, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lukelo, mwepesi kama ganda. Mshahara wa Lukelo ulileta unga kidogo kila mwezi, lakini baadaye aligundua, kwa kuwauliza majirani, kwamba mama yake alikuwa akiupika uji na kuugawa kwa watoto wa nyumba saba. Alikuwa bado anawalisha wajukuu, wowote wale waliokuwapo.

Makaburi ya Igoda yako ng'ambo ya barabara kuu, na siku ya maziko barabara ilifungwa, kwa sababu Baba Mavuno alikuwa anapita kwenda kusherehekea mavuno. Wabeba jeneza walisimamishwa kizuizini. Askari alikuwa kijana mstaarabu, akavua kofia, akasema pole nyingi, kisha akaomba Fomu Namba Tisa. Amri ilisema kila chombo kinachovuka. Waombolezaji wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguvu za kugombana, na jua lilikuwa kali.

Lukelo alikuwa na kitabu cha fomu mkobani, maana maafisa wote walipewa. Akakiweka juu ya jeneza la mama yake, kwa kuwa hapakuwa na meza nyingine. Penye *aina ya chombo* akaandika: sanduku la mbao. Kisha akasoma maneno yale yaliyobaki, ambayo aliyajua kwa moyo, na sahihi yake ikapinda kama mstari wa mtoto. Askari akang'oa nakala yake, akawapisha.

Desturi ya Igoda ni kwamba mwanamke aliyekuwa na jiko lake hazikwi bila chungu chake. Huwekwa juu ya kaburi, upande wa kichwani, kimepinduliwa mdomo chini, ili ajulikane kwamba mwenye nyumba amelala na hapiki tena. Mama Tabu ndiye aliyekibeba kile chenye ufa. Kabla ya kukipindua alifungua pindo la kanga, akatoa konzi moja ya pumba aliyokuwa ameificha tangu mwaka juzi, akaimwaga pale chini. Lukelo alimwambia kwamba pumba hiyo inaliwa. Mama Tabu akamjibu kwamba alichukua upawa msimu wa mwisho na hakuwahi kulipa.

*

Mvua nyingine zilipoanza, Lukelo alikwenda kupalilia kaburi. Alikuta kaburi limefunikwa na majani mabichi mazito, mabichi kwa namna ambayo macho yake yalikuwa yameisahau. Alichuchumaa muda mrefu. Kisha akakiinua chungu.

Chini yake udongo ulikuwa mweusi. Ile konzi ya pumba ilikuwa imefunikwa na nyuzi nyeupe laini, zimetambaa kila upande na kuzama chini. Lukelo akachota kidogo, akanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama yake siku ya Ijumaa. Msomi yule wa udongo akakaa chini kwenye matope, akalia.

Baadaye akili ya chuoni ilimrudia, akaelewa. Katika wilaya nzima ni makaburi tu ambayo hayakuwahi kupewa Chumvi ya Maendeleo, kwa kuwa serikali iliona wafu hawalimi. Udongo wa pale ulikuwa umesahauliwa, na kwa kusahauliwa ukapona. Wafu wengi wa mwaka ule waliulisha. Akaikumbuka ile fomu aliyoitia sahihi juu ya jeneza, akaona kwamba alikuwa amethibitisha uongo kwa mara nyingine bila kujua, maana mama yake aliingia sandukuni na wajukuu wake.

Hakumwambia mtu isipokuwa Mama Tabu. Walitafuta chungu kidogo, wakakichimbia palepale, wakatia udongo ule, pumba, na maji ya muwa uliojiotea kando ya mfereji wa zahanati. Juu yake wakakipindua chungu cha Bi Nyamizi kama kilivyokuwa. Kila Ijumaa Lukelo alikwenda na kibuyu cha uji, na watu walimwona kuwa mwana mwema asiyemsahau mama yake. Msimu huo nyumba saba zilipata upawa mmojammoja. Mbegu zilikuwa chache zilizofichwa zisiliwe: mchicha, kunde na mahindi kidogo. Zikaota, zikasimama, zikawa kijani.

Kijani hicho ndicho kilichowaponza. Kilionekana.

*

Bwana Machibya alikuja na malori mawili na kikosi kizima, ananukia sabuni kama kawaida. Alisimama ukingoni mwa bustani ya Mama Tabu, akaitazama kwa masikitiko ya kweli.

"Ukijani huu nani aliuzindua?" aliuliza.

Akaeleza kwa upole kwamba mmea unaoota kabla ya kuzinduliwa unamvunjia heshima mgeni rasmi ambaye angekuja. Kisha kikosi kikaingia bustani zote saba, kikang'oa mpaka mche wa mwisho, kikarundika, kikachoma. Kunde zilikuwa zimebakiza wiki moja. Mama Tabu na wenzake walisimamishwa mstari mmoja kutazama, na mmoja wao alizimia, akaandikwa uzee kwa akiba.

Wakapekua nyumba. Walipindua vitanda, wakachungulia visima, wakavunja kila chungu kilichokuwa na unyevu. Lukelo aliambatana nao akiwa afisa, akiwafungulia milango. Hatimaye wakafika makaburini, kwa sababu sherehe zilikuwa karibu na makaburi mapya yalikuwa mengi mno kando ya barabara. Bwana Machibya aliagiza yapakwe chokaa ili yaonekane kama mapambo. Vijana wenye ndoo wakaanza safu ya kwanza. Yeye akatembea mpaka penye chungu kilichopinduliwa, akasimama. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Aliutazama ule ufa, akautazama utepe uliofifia shingoni.

"Nakifahamu chombo hiki," alisema. "Chini yake kuna nini?"

"Mama yangu," Lukelo alisema.

"Na hiyo harufu?"

"Ya kwake."

Bwana Machibya alirudi nyuma hatua moja, akagusa kofia, maana heshima alikuwa nayo. Lakini utaratibu ni utaratibu. Akatoa kitabu, akatoa kalamu, akamkabidhi. Vijana wa chokaa walikuwa wameshafika kaburi la tatu kutoka pale.

Lukelo alisoma Fomu Namba Tisa yote, polepole, kana kwamba haijui. *Hamna kilicho hai ndani ya chombo hiki.* Chini ya miguu yake, shibiri moja tu, mabilioni yasiyo na kitambulisho yalikuwa yanamalizia uji wa Ijumaa iliyopita. Mara ya kwanza alitia sahihi kwa woga, mara ya pili kwa uchovu. Safari hii alikusudia. Aliandika jina lake lote, la baba na la babu, kwa mwandiko wa shuleni, akaweka na tarehe.

Bwana Machibya aliupuliza wino ukauke. Akaikunja hati, akawaambia vijana kwamba kaburi hilo limeshathibitishwa, waliruke. Malori yakaondoka na majivu ya bustani saba yakiyafuata kwa nyuma.

Bondeni hakukuwa na jani. Mbegu zilizobaki zilikuwa konzi mbili, kwa nyumba saba. Mama Tabu alipanda taratibu kutoka bondeni, akasimama upande wa pili wa kaburi, akamtazama mtu yule aliyekuwa amezoea kutia sahihi.

Lukelo aliuinua ukingo wa chungu kidogo tu, akainama.

"Wapo," alimwambia. "Kesho kutwa Ijumaa. Tutafute pumba."